Fundi Ana Mikono, Hana Mdomo

Mama Zuhura,

Karatasi hii ya kaki utaitambua. Ni ile ya kukatia violezo, iliyobaki kwenye roli ulilonunua mwenyewe, na bado inanukia udi kwa sababu roli linakaa kwenye kabati ulilokuwa unafichia udi wako. Nimekata kipande kikubwa kama mgongo wa gauni maana nina mengi. Nimekaa kwenye kiti chako. Usinikasirikie, changu kilivunjika mguu, na Zuhura ndiye aliyesema nikikalie.

Hata kabla ya salamu, nikiri. Nimevunja amri yako. Siyo ile ya kutokunywa chai karibu na kitambaa cheupe, hiyo niliivunja ukiwa hai ukanichapa na futi. Nasema ile kubwa. Fundi ana mikono, hana mdomo. Mimi nimefungua mdomo, Mama Zuhura, tena nimemfungulia mwanao, nyuma ya pazia lako mwenyewe. Nilitaka kuja kukueleza kaburini, lakini pale watu wanapita, na mimi nikilia nalia kwa sauti. Unanijua.

Nianze na unayoyapenda, habari za mtaa. Biryogo ipo. Barabara yetu ile waliyoifungia magari wakaipaka rangi bado imejaa meza, na vijana wanashinda hapo wakinywa mukaru, chai yako ile nyeusi ya tangawizi, utadhani Kigali nzima haina mwenye kazi. Cherehani yako nyeusi ni nzima, ila inanikubali mimi tu. Mafundi wangu wapya wakiigusa inakata uzi. Nimenunua mbili za umeme. Najua ulisema umeme haushoni, mguu ndio unaoshona. Umeme unashona, Mama Zuhura. Unashona vizuri sana na mguu unapumzika.

Nakumbuka siku niliyosimama mlangoni kwako, binti wa miaka kumi na tisa, nimetoka Bujumbura na begi moja na rozari shingoni. Uliitazama rozari, ukanitazama mikono, ukasema, "Hii vidole iko refu. Njoo kesho." Nilikuja kesho, na kwa mwezi mzima ulinikalisha nishone mistari kwenye mifuko ya saruji, bila uzi, matundu matupu. Uliponipa uzi nilidhani nimefika. Mkono wa kwanza wa blauzi niliushona mara nne. Hata hukuugusa, ulikuwa unautazama tu kutoka kwenye kiti hiki, huku unapuliza chai. "Oya sha, hapana, hii mkono iko mbaya. Fumua." Nililichukia neno hilo. Nililala nalo, nikaamka nalo. Fumua, Goreti.

Na ulikuwa msemaji! Ulisema juu ya bei ya sukari, juu ya wanaume wanaovaa suruali fupi, juu ya padri wetu ambaye hata humjui. Ila pazia la kijani likifungwa, mwanamke akavua ili apimwe, ulikuwa mtu mwingine. Nyuma ya pazia lile uliona mimba ambazo mama mkwe hajaambiwa. Uliona makovu ya upasuaji, na yale makovu mengine ambayo katika nchi hii mtu haulizi. Ulipima, ukaandika namba daftarini, ukasema, "Njoo Alhamisi." Basi. Wanawake walitoka Kimisagara na hata Kanombe, wakawapita mafundi wote wa njiani, kwa sababu walijua walichokuja nacho mwilini kingebaki hapa. Nilijivunia kufundishwa na mtu wa namna hiyo. Bado najivunia, na nataka ulijue hilo kabla sijaendelea.

Sasa niseme juu ya kifuko.

Ulitoka swala ya adhuhuri, ukaniwekea mezani blauzi yako ya kitenge cha njano. Ulisema nguo zimekataa kukukaa vizuri, uzee huo, nikushonee kifuko cha pamba ndani ya bitana, upande wa kushoto, kidogo tu. Nikacheka. Nikakwambia Mama Zuhura anatafuta mume, tumwite na imamu kabisa. Ulicheka mpaka ukashika meza. Halafu ukaingia nyuma ya pazia nikakupima. Miaka kumi na saba nilikuwa sijawahi kukupima wewe, ulikuwa ukijipima mwenyewe. Futi ilipopita upande wa kulia ikapanda juu ya kitu kigumu, kigumu kabisa, na mkono wangu ukasimama. Ulikuwa unatazama ukuta. Nikaandika namba. Upande wa kulia ulikuwa umezidi, na wewe ulitaka wa kushoto uufikie. Yaani tuliunenepesha upande mzima ili ufanane na ule mgonjwa.

Baada ya Ramadhani ulitaka niongeze pamba. Nikaongeza. Kabla ya Idi Kubwa ukataka tena, nikaongeza tena. Na kazi ilikuwa nzuri. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, hakuna mwanamke hapa mtaani aliyegundua, hata Zuhura aliyekuwa anakuja kila Ijumaa kula pilau yako. Tulikuwa mafundi wazuri mno. Mimi nilijua na nilinyamaza, na nikajiambia kuwa ndiyo heshima uliyonifundisha. Siwezi kusingizia ujinga. Mikono ilijua.

Ukaanza kuchoma udi asubuhi na jioni. Nikajua na maana ya udi, ulikuwa unaficha harufu ya kidonda. Ukaanza kukohoa, mgongo ukakuuma, ndipo ukakubali twende hospitali. Daktari akakufunua kifua, akauliza, "Mliona lini mara ya kwanza?" Wewe ukatazama dirisha. Mimi nikatazama viatu vyangu. Ilikuwa imeshafika kwenye mapafu na mifupa.

Sitakusimulia ugonjwa wako, wewe ndiye uliyeuugua. Nitamtaja Odeta tu, muuguzi aliyekuwa anakuja nyumbani na ile dawa ya maji ya maumivu, kwa sababu utakutana naye tena katika barua hii. Ulimpenda. Ulimwambia sare yake imekatwa vibaya mabegani. Asubuhi ya mwisho alikuwa amekaa kitandani upande mmoja, mimi upande wa pili, na Zuhura anakulowesha midomo. Ukafungua macho ukaniambia, "Kola ya Mama Hamisi... fumua." Nikaitikia ndiyo. Wengine hupata wosia, mimi nikapata kola.

Wanawake wa msikitini walikuosha. Mimi Mkristo nilikaa nje mlangoni, lakini walinipa mkasi na ile nguo nyeupe, wakasema, kata wewe. Nikakukatia sanda. Hakuna pindo, hakuna bitana, hakuna cha kufumua. Ilikuwa nguo pekee niliyokukatia isiyoficha kitu.

Ile kola niliifumua.

Baada ya arobaini nilifungua daftari la vipimo kutafuta namba za mteja, nikaangukia ukurasa wako. Sikujua kama una ukurasa. Mwezi baada ya mwezi, kwa mwandiko wako ule unaolala, kulia kiasi hiki, kushoto kiasi hiki. Ulianza kujipima mwaka mzima kabla hujaniletea ile blauzi ya njano. Na siku ya blauzi yenyewe, chini ya namba, umeandika maneno matatu. "Goreti ameona. Hasemi."

Niliyasoma nimesimama, nikakaa chini sakafuni katikati ya mabaki ya vitambaa. Hata leo sijui kama ulikuwa unanisifu au unanilalamikia. Nimeyageuza kila upande. Siku nyingine nasikia fahari, mwanafunzi ameiva. Siku nyingine nasikia mtu aliyekaa nyuma ya pazia anasubiri aulizwe, na anayemsubiri hana mdomo kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyemziba. Kwa nini hukusema, Mama Zuhura? Kwa nini sikuuliza? Nilikukasirikia miezi mitatu. Nilikuwa napita mbele ya kiti chako sikiangalii.

Halafu Zuhura akaja kupimwa gauni la harusi.

Ndiyo, mwanao alipata mtu. Anaitwa Yasini, anafundisha hesabu Kimisagara, mpole, anacheka kwa mabega. Zuhura bado yuko uwanja wa ndege, pale wanapopokea mizigo. Alikuja siku yake ya mapumziko na satini nyeupe kwenye mfuko, anaimba. Nikafunga pazia. Mabega, mgongo, kifua. Nilipopitisha futi chini ya kwapa la kushoto kidole changu kikagusa kitu kama punje ya haragwe. Kidogo. Unaweza kusema umekiota. Nikaandika namba. Nikapima kiuno, nikapima nyonga, nikapima urefu mpaka kisigino, na muda wote huo nilikuwa nasoma maneno yako matatu. Akaanza kuvaa blauzi yake. Akafunga kifungo cha kwanza, cha pili. Nikajua akifika cha mwisho sitasema tena.

Nikasema, "Zuhura, hapa pana kitu."

Alinitazama utadhani nimemtukana. "Tantine Goreti, wewe iko unanipima ao iko unanitafutia ugonjwa?" Na kabla sijajibu akaongeza, "Mama alisema fundi hana mdomo." Hapo nikasema neno ambalo ningependa kulifumua nikashindwa. Nikamwambia, mama yako amekufa kwa mdomo huo ambao hatukuwa nao. Nikamweleza habari ya kifuko. Yote, pamba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuwa anajua chochote. Alisimama pale nusu amevaa, machozi yanamtoka, akaniuliza mara mbili, "Ulijua? Ulijua?" Akachukua satini yake, akatoka bila viatu, akarudi kuchukua viatu, akatoka tena.

Wiki tatu. Nilimtumia ujumbe, alama mbili za buluu zinaonekana, jibu hakuna. Nilisali rozari. Nikamwambia Odeta, akasema vivimbe vingi vya namna hiyo si saratani, usijitie hofu, ila ni lazima kiangaliwe. Nami nilijua hesabu moja tu, kwamba kama kile ni kilekile, kila wiki ya hasira yake ni wiki ya kivimbe kukua. Nilifikiri nimewapoteza nyote wawili, wewe kwa kunyamaza na yeye kwa kusema. Unakumbuka ulivyonisema kuwa nakata kwanza ndipo napima? Nililikumbuka hilo kila siku.

Asubuhi moja nafungua mlango, moto, pikipiki ya abiria, ikasimama mbele ya duka. Zuhura akashuka, na sare ya kazi, amesahau kuvua kofia ya moto mpaka dereva akamdai. Hakunisalimia. "Funga duka. Mi naogopa kwenda peke yangu." Nikafunga. Kuna mama wa watu alikuwa anakuja kuchukua gauni lake siku hiyo, nikamfungia vilevile.

Ilikuwa yenyewe, Mama Zuhura. Nisikuzungushe. Ila ilikuwa ndogo, na haikuwa imetoka kwenda popote.

Nikueleze walivyomfanyia maana ungependa, wewe uliyekuwa unapenda kujua kitu kinashonwaje. Daktari ni msichana mdogo, alichukua karatasi akatuchorea. Alisema kansa si mtu mmoja, ni ukoo. Kwa hiyo kwanza wanatoa kipande kidogo kwa sindano, wanakichunguza wajue ni yupi katika ukoo, ndipo wanachagua dawa. Ya Zuhura ni ya aina yenye mlango wake, na siku hizi iko dawa inayoujua mlango huo na kwenda kuufunga. Wakampa hiyo pamoja na zile dripu nyingine kwanza, kabla ya kisu, ili kivimbe kinywee. Kilinywea. Wakatoa kilichobaki na pembeni yake kidogo, titi wakaliacha. Halafu mionzi. Zamani watu wetu walivuka mpaka kuitafuta mashine hiyo. Mwanao alikuwa anaipata hospitalini Kanombe, asubuhi, halafu anakwenda kupokea mizigo na sare yake, kana kwamba ametoka dukani.

Siyo kwamba ilikuwa rahisi. Nywele zilimtoka, zile nywele ulizokuwa unazisuka kwa kumshika kati ya magoti. Mdomo ukajaa vidonda, asiweze hata uji. Siku nyingine alinifukuza, siku nyingine alitaka nikae tu nisiseme, na wewe unajua adhabu hiyo kwangu. Alimwambia Yasini aende akatafute mzima. Yasini akakataa, "Oya," akamimina mukaru kwenye kikombe. Kila dripu alikuja na chupa ya chai na madaftari ya wanafunzi, akakaa pembeni anasahihisha. Harusi ikasogezwa mbele, satini ikarudi kabatini kwangu.

Nami nikafanya ninachojua. Nilimshonea vilemba vya pamba laini, bila mshono upande wa ndani, maana ngozi ya kichwa inauma. Nikamshonea blauzi yenye vifungo vya kubana begani, muuguzi anafungua bega tu, anafikia pale dripu inapoingia, mtu havui mbele ya watu. Ungeiona blauzi hiyo, Mama Zuhura! Bega limekaa. Wanawake wengine wodini wakaona, mmoja akaomba, wa pili akaomba. Huko dripu inakwenda saa nyingi, basi tunapiga soga. Wanapeana habari, nani anatapika kwa dawa gani, nani mume wake amebadilika, nani amemaliza na amerudi kuwasalimia. Hao wanaorudi kusalimia ndio dawa yenyewe. Nimeona mtu anaanza kula kwa kumwona mwenzake ana nywele mpya.

Mmoja alikuwa muuza ndizi wa Kimisagara, alitolewa titi lote. Alinivuta mkono akaniuliza kwa sauti ndogo, "Unaweza kunishonea ingine?"

Nilirudi dukani nikafungua droo. Nguo zako tulizigawa, lakini kile kifuko nilikitoa kwenye blauzi ya njano nikakiweka, sikumwambia mtu. Nilikuwa sijakigusa tangu siku hiyo. Nikachukua wembe nikakifumua. Pamba zangu tatu zilikuwa humo, moja juu ya nyingine, ya kwanza imeshikana ngumu, ya mwisho bado nyeupe. Nililia kwa sauti yangu hiyo, jirani wa chapati akaja kuuliza kuna nini. Nilipomaliza nikakilaza kitambaa chake juu ya karatasi ya kaki nikakichora pembeni kwa chaki. Umbo lilikuwa zuri. Ulinifundisha vizuri, hata katika lile.

Nikajifunza mengine kwa kukosea. Pamba peke yake ni nyepesi, kifuko kinapanda mpaka shingoni, muuza ndizi alinionyesha tukacheka mpaka tukakaa. Sasa natia punje za mtama kidogo chini, ndani ya mfuko wake mdogo unaotolewa nguo ikifuliwa. Alipovaa kile cha pili alisimama mbele ya kioo chako, akageuka huku, akageuka kule, akajipangusa mabega. Akasema, "None se, kumbe ni mimi." Akaenda zake kuuza ndizi. Nimeshona vingi tangu hapo. Kiolezo ni kilekile chako.

Sasa turudi kwenye amri. Nimeifikiria sana. Odeta anakuja dukani mara moja kwa mwezi, wanakaa mafundi wa kike wa Biryogo na Kimisagara, anawafundisha. Sisi ndio tunaowashika wanawake wa mji huu kila siku na futi mkononi. Daktari huwaona wakishaumwa, sisi tunawaona wakiwa wanakwenda harusini. Anatufundisha cha kutazama, ngozi iliyovutika, chuchu iliyoingia ndani, uvimbe usiouma. Na anatufundisha cha kusema. Usitaje ugonjwa, wewe si daktari. Sema, "Nimegusa kitu hapa, sijui ni nini, na wako watu wanaojua." Halafu sema, "Nikusindikize?" Hilo la pili ndilo zito. Nimeona wengi wanaogopa njia kuliko hospitali.

Siyo wote wanaoshukuru. Wawili walichukua vitambaa vyao hawajarudi. Mwingine alikwenda akakutwa ni maji tu, akarudi kunigombeza kuwa nimemnyima raha wiki mbili, amebeba sahani ya maandazi. Tuliyala huku ananigombeza. Nami pia Odeta alinilaza akanikagua, nikamwambia mikono yake ni baridi, akasema mdomo wangu ni moto. Sina kitu.

Lakini siri ya pazia nimeilinda, uniamini. Sijamwambia jirani, wala mume, wala mama mkwe. Mdomo nimeufungua upande mmoja tu, kwa mwenye mwili. Nadhani hapo ndipo tulipokosea sisi wawili, tukamficha mwenye mwili pamoja na majirani.

Zuhura alimaliza mionzi. Daktari hatamki kupona, anasema tunaendelea kuangalia, na kila baada ya miezi kadhaa anarudi. Siku tatu kabla ya kwenda halali, na mimi silali. Lakini amepata nywele, fupi, zimejikunja kama zako. Tulipatana pia. Haikuwa siku moja. Aliwahi kuniambia wodini kwamba ananichukia na kwamba nisiende nyumbani, vyote kwa pumzi moja. Sikwenda.

Harusi ni Jumamosi. Jana alikuja kujaribu gauni kwa mara ya mwisho. Amepungua, Mama Zuhura, satini inamcheza kiunoni. Nikabana kwa pini, nikavuta pembeni, nikachukua mkasi nipunguze ile ziada ndani. Wewe ulinifundisha kuacha vidole viwili kila mshono, ulisema mwili una safari zake. Nilikuwa naacha viwili. Akanishika mkono.

"Oya, Tantine. Usikate. Acha vinne."

Nikamwambia vinne ni vingi, gauni litavimba pembeni. Akasema, "Litavimba. Mi nitanenepa."

Alisema kwa sauti yako, Mama Zuhura, ile ya kuamrisha kutoka kitini. Nikaweka mkasi chini, nikavikunja vidole vinne vya satini ndani, nikavishika kwa sindano taratibu, na macho yangu hayaoni uzi. Yeye akawa anajitazama kiooni anaimba wimbo uleule aliokuja nao siku ile.

Alipoondoka nikafungua daftari. Nimeandika vipimo vyake vipya kwenye ukurasa wake. Halafu nikarudi kwenye wako, pale chini ya "Goreti ameona. Hasemi." Nimeandika neno moja kwa kalamu yangu. "Amesema."

Basi lala, mama yangu, fundi wangu. Jumamosi nitakuwa nyuma ya mwanao na sindano na uzi mweupe mkononi, kama ulivyokuwa unasimama nyuma ya maharusi wote wa mtaa huu. Udi nitachoma kidogo, kwa ajili ya harufu tu. Na nakuahidi hili. Siku atakapokuja hapa kulalamika kwamba gauni linambana, halipiti kiunoni, nitamkalisha kwenye kiti chako nimpe chai. Nitachukua wembe, na sitangoja uniambie. Nitafumua.

Wako,
Goreti